Mkono wa Kushoto na Bei ya Wageni

Wiki iliyopita mliniacha juu ya ngazi katika hospitali kuu ya serikali, brashi mkononi, nikichora kwa ujira bei ya kunimaliza mwenyewe.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti, au ulilipata tayari limefungiwa misumari dukani, nitakusogeza haraka. Mimi ni mchora mabango. Watu huniita Fundi Shoto kwa sababu ya mkono ninaoutumia. Mimi na mke wangu ni wageni katika nchi hii, na tuna mtoto mmoja ambaye hajaanza kutambaa. Mama mkwe wangu ametoka kwetu kuja kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na huyu mjukuu wake anamjua kwa vidole tu.

Aliyemwita ni mimi. Nilimpigia simu nikajigamba: mama, njoo, huku hospitali ni kama bure, na wakubwa wote wananijua. Akaja. Siku aliyoteremka kwenye basi ndiyo siku serikali ilipotangaza kwamba mgeni sasa atalipa bei yake, mara sita ya mwenyeji.

Na fundi aliyeitwa kuchora bango la bei hizo mpya, mnamjua.

Haya. Asubuhi baada ya kulimaliza bango tulitoka nyumbani sote wanne. Ilikuwa siku ya mwisho ya daktari wa macho. Yule bwana huja mara moja kwa msimu, anapasua waliopo, anaondoka. Mfukoni tulikuwa na hela ya kutosha bei ya mwenyeji, hiyo nayo baada ya mke wangu kuuza cherehani yake. Mpango wangu ulikuwa kumwona Bibi Katibu wa hospitali, nimpigie magoti ikibidi.

"Usinivute hivyo, mkwe," mama mkwe alisema tulipofika getini. "Mimi si mkokoteni."

"Samahani, mama."

"Na mbona tumesimama?"

Tulikuwa tumesimama kwa sababu foleni ilikuwa imetoka nje ya jengo, ikapita kwenye bomba la maji, ikaja kuishia getini. Nikasogea kuchungulia ndani. Kule kwa makeshia kuna madirisha mawili yenye wavu. Dirisha la wenyeji halikuwa na mtu, na keshia wake alikuwa anajikata kucha. Foleni yote ile ilikuwa ya dirisha la wageni.

"Wageni wote hawa wametoka wapi?" mke wangu akauliza.

Nikaanza kuzitambua sura. Kinyozi wangu. Muuza mkaa. Baba mwenye nyumba yetu, aliyegeuza uso aliponiona. Na katikati yao, kofia kichwani, mwenyekiti wa mtaa wetu, yule ambaye kila mkutano hutukumbusha wageni tukae viti vya nyuma.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Usiniite hivyo hapa," akanong'ona. "Leo mimi ni mgeni."

"Mgeni wa wapi?"

"Bado nafikiria."

Ndipo nilipoinua macho kulitazama bango langu, nikaona nilichokifanya.

Niwaeleze jinsi ninavyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipojimaliza. Mtu wa kulia huandika akielekea kulia, na mkono wake unaiacha nyuma rangi mbichi. Mimi wa kushoto nikifanya hivyo, kiwiko changu kinafuta kila ninachokiandika. Kwa hiyo bango refu hulianzia kulia nikarudi kushoto, tarakimu kwanza, vichwa vya safu mwisho. Bibi Katibu alinipa bei za wenyeji kwanza, nami nikazianzia kulia kama kawaida yangu. Halafu za wageni nikazipanga kushoto. Jioni ile akapita na mkoba wake begani, akanisomea vichwa: "Wenyeji kwanza, halafu wageni." Nimechoka, mgongo unaniuma, nikaandika wenyeji kushoto na wageni kulia. Akaniambia nimejitahidi, akaenda zake nyumbani.

Kwa hiyo ukutani pale, kwa rangi ya bluu iliyokwisha kauka, ilikuwa imetangazwa kwamba mwenyeji alipe mara sita ya mgeni.

Mtanisema: makeshia si wangejua tu ni kosa? Walijua. Lakini chini ya bango, kwa amri ya Bibi Katibu aliyekuwa amechoka na wizi wa madirishani, kuna mstari wa rangi nyekundu: LIPA BEI ILIYOANDIKWA HAPA TU. KESHIA ATAKAYETOZA TOFAUTI ATAFUKUZWA KAZI. Na Bibi Katibu mwenyewe alikuwa bado yuko mjini, kwenye kikao na wakubwa. Nani angekubali kupoteza kazi kwa ajili ya mkono wangu wa kushoto?

Nikamvuta mke wangu pembeni. "Nimekosea bango."

Akalitazama. Akanitazama. "Hukukosea," akasema. "Shika foleni."

"Lakini ni kosa langu, na wakijua..."

"Baba mtoto, nimeuza cherehani. Shika foleni na ufunge mdomo."

Nikaufunga.

Kule mbele mambo yalikuwa yamekwama. Keshia wa dirisha la wageni, binti mmoja mwenye miwani mikubwa, alikuwa ameamua kwamba mgeni ni mtu mwenye pasi ya kusafiria. Mwenyekiti wa mtaa akawa amefika kwake.

"Pasi yako?"

"Imeibiwa."

"Wapi?"

"Hapa hapa kwenu. Nchi yenu ina wezi sana."

"Mjomba, acha basi," keshia akasema kwa sauti ya chini.

"Mjomba wako nani? Mimi nimefika jana."

"Mama akikusikia unanikana, atakuja nyumbani kwako."

Mwenyekiti akafikiri kidogo kuhusu dada yake, akasogea pembeni, ila hakuondoka. Keshia akasimama kwenye kiti chake, akauliza foleni nzima kwa ukali kama kuna mtu hata mmoja pale mwenye pasi ya kweli, ya kushikika kwa mkono.

Mke wangu akainua ya mama yake.

Miaka yote niliyoishi hapa pasi yangu nimeificha chini ya godoro. Nikiombwa pahali, naitoa nikiwa nimeinamisha kichwa. Siku ile watu wenye nchi yao walitupisha, wakaitazama ile karatasi kwa husuda, na kinyozi wangu akauliza kama tunazo nyingine nyumbani. Sitadanganya, nilijisikia mtu. Nilitembea hadi dirishani kifua mbele, nimemshika mama mkwe mkono, na nilikuwa na hakika kwamba kabla ya adhuhuri macho yake yatakuwa mikononi mwa daktari.

Keshia akaifungua pasi. "Mama, shikamoo. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa," mama mkwe akajibu bila kusita. "Nimezaliwa nyuma ya soko, nyumba ya tatu ukitokea kisimani. Wote wananijua."

Kuna jambo sikuwaambia, wasomaji wangu. Wiki nzima ile, tangu bei mpya itangazwe, mimi na mke wangu tulikuwa tunamfundisha mama huyu kusema kwamba ni mwenyeji. Haikuwa kazi ndogo. Mwanzoni aligoma kabisa, akasema yeye uongo haujui na uzee huu hataanza. Tukambembeleza. Tukamtajia mjukuu. Tukawa tunamuuliza ghafla akiwa anakula, akiwa anafua, akiamka tu asubuhi: mama, wewe ni mtu wa wapi? Mpaka akaweza. Na katika mkanganyiko ule wa foleni, hakuna aliyekumbuka kumwambia mama asiyeona bango kwamba mambo yamegeuka.

"Wa hapa?" Keshia akaitazama pasi tena.

"Nyuma ya soko," mama mkwe akamkumbusha.

"Basi dirisha lako ni lile pale, mama. La wenyeji."

Mwenyekiti akaangua kicheko. "Kama mama hataki ugeni, anipe mimi."

Mke wangu alikuwa ameshamfikia mama yake. "Mama, sema ukweli sasa."

"Ukweli upi?"

"Ule wa zamani."

"Mwanangu, mmenifundisha huu mpya wiki nzima. Na huyu dada nimemjibu vizuri, au sikujibu vizuri?"

"Umejibu vizuri sana, mama. Ndiyo shida."

Keshia akaiweka pasi kwenye meza, akaifunika kwa kiganja. "Pasi inasema mgeni, mdomo unasema mwenyeji. Mmoja hapa ananidanganya, na mimi kazi yangu siichezei."

Hapo mama mkwe akakasirika. Ni mama mpole mpaka umwite mwongo. Akajinyoosha, akaipandisha sauti ili wote wasikie.

"Mimi sidanganyi, dada. Kama huniamini mimi, muulize mkwe wangu, huyu hapa aliyenishika mkono. Anajulikana kwenu. Hilo bango lenu ni yeye aliyelichora. Jana alituhadithia mstari kwa mstari mpaka chakula kikapoa. Ana mkono mzuri kijana huyu, Mungu amweke."

Tangu nimwoe binti yake, mama huyu hakuwahi kunisifu. Mara moja tu aliniambia nina nyayo nyepesi, na sikuelewa kama ni sifa. Leo ananisifu, tena mbele ya mji mzima. Nilitamani niufurahie ule wakati, lakini foleni yote ilikuwa imeshanigeukia.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema mwenyekiti.

"Ni bahati mbaya," nikasema. "Mkono huu wa kushoto..."

"Mgeni anapewa brashi, anaandika mgeni alipe kidogo. Halafu unasema mkono?"

"Mwenyekiti, si wewe mwenyewe leo ni mgeni?"

"Hayo tuyaache."

"Fundi," ikasema sauti nyuma yangu.

Watu wakapisha. Bibi Katibu alikuwa amerudi. Mwanamke mwembamba, miwani ining'iniayo kwa kamba, viatu vya kugonga sakafu. Hakupandisha sauti. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika ngazi, kwa mwingine ndoo ya rangi nyeupe niliyoiacha stoo. Alikuwa amevibeba mwenyewe.

"Wakubwa wanakuja kuliona hilo bango," akasema. "Wako njiani. Panda."

"Bibi Katibu, nitalirekebisha, hata bure. Naomba tu huyu mama ahudumiwe kwanza. Yuko dirishani tayari."

"Panda. Wakilikuta hivi, kibali chako nitakipeleka uhamiaji kwa mkono wangu."

"Mama yangu yuko dirishani," mke wangu akasema.

"Na mimi kazi yangu iko ukutani," Bibi Katibu akamjibu. "Kila mtu na mzigo wake."

Nikapanda.

Kulirekebisha bango kama lile, lazima kwanza uzifute tarakimu kwa rangi nyeupe, usubiri ikauke, ndipo uandike upya. Nikaamua nitasubiri sana. Nikaikoroga rangi mpaka ikachoka. Nikaomba kitambaa. Nikaomba kitambaa kingine kikavu zaidi. Nikaipima mistari kwa shubiri kana kwamba nashona suti. Chini yangu wale wageni wa kujifanya walikuwa wameelewa kwamba nikimaliza tu, wao wote wanahamia foleni nyingine na kuanza upya, na chuki yao ikayeyuka.

"Fundi, chukua muda wako," mwenyekiti akaniita. "Usije ukaliharibu bango la mtaa wetu."

"Huyo kijana hata chai hajanywa," akasema kinyozi. "Mwacheni apumue."

Lakini keshia naye alikuwa na akili. "Mimi siandiki risiti mpaka nijue bei ya mwisho," akasema, akaweka kalamu chini.

Na Bibi Katibu alikuwa na akili kuliko sote. Aliishika ngazi kwa mikono miwili, akanitazama kwa chini, akasema polepole: "Anza na mstari wa macho."

Mstari wa macho. Nikiubadilisha ule, mama mkwe analipa mara sita, na mara sita hatuna, na daktari anaondoka kesho. Nisipoubadilisha, kibali hakipo, na hapo tutaondoka sote, macho yakiwa vilevile.

"Mkwe," mama mkwe akaniita kutoka chini. Uso wake ulikuwa umeelekea dari, upande usio wangu. "Umefika wapi?"

"Bado, mama."

"Usiharakishwe. Mimi nipo. Huyu mjukuu wangu amenishika kidole hapa hataki kukiachia. Hivi anacheka au ananuna? Sisikii sauti."

Nikachungulia. Mtoto alikuwa anacheka. Anacheka kimya, mdomo wazi, ule mchezo wake wa kila siku, na bibi yake yuko hapo hapo hana habari. Roho iliniuma jinsi ambavyo sijawahi kuumwa.

Waliokuwepo watawaambia kwamba ngazi iliteleza. Bibi Katibu katika taarifa yake aliandika uzembe. Nawaambia ninyi tu mnaonisoma: ngazi haikuteleza. Niliinyanyua ile ndoo kwa mkono wangu wa kushoto, nikalimwagia bango rangi yote.

Nusu ililipata bango. Nusu nyingine ilimpata Bibi Katibu.

Rangi ikateremka ukutani taratibu, ikazimeza bei za upasuaji, bei za uzazi, bei za meno, wenyeji na wageni pamoja. Ilipofika juu kidogo ya ule mstari mwekundu ikaishiwa nguvu, ikasimama. Mwenyekiti wa mtaa akavua kofia, akasogea, akausoma kwa sauti ya mkutano.

"Lipa bei iliyoandikwa hapa tu." Akalitazama bango. "Na hapa hakuna kitu."

Keshia akasogeza uso kwenye wavu, akageuza shingo juu. "Kweli hakuna."

"Sasa utamtoza nini huyu mama?"

"Kilichoandikwa."

"Na kilichoandikwa?"

Keshia akautazama mstari wa kufukuzwa kazi, akalitazama lile eneo jeupe, akamtazama Bibi Katibu ambaye alikuwa anatafuta miwani yake ndani ya rangi. Kisha akaandika risiti isiyo na bei, akaigonga muhuri. Wakati huohuo muuguzi wa macho akafungua mlango wake mwisho wa korido, akauliza wa kwanza ni nani. Mke wangu hakungoja kuulizwa mara mbili. Alimsukuma mama yake kwenye korido ile kwa kasi ambayo mimi nikiitumia naambiwa yeye si mkokoteni.

Bibi Katibu alijifuta uso kwa kitambaa changu kikavu. Nilitegemea atapiga kelele, na ingekuwa afadhali.

"Hutoki nje ya geti la hospitali hii," aliniambia. "Kesho asubuhi ofisa wa uhamiaji atakuja kukuchukua. Ukikimbia, atamchukua mkeo."

Wakubwa walifika baadaye. Walilitazama bango jeupe kwa muda mrefu, na mmoja wao akasema linapendeza.

Nililala kwenye chumba cha dobi wa hospitali, juu ya mashuka machafu. Asubuhi mke wangu akaja na mtoto, na habari zake zilikuwa nzuri kupita nilivyothubutu kuomba. Daktari alikuwa amelipasua jicho la kulia, la kushoto litasubiri msimu mwingine, na bandeji inafunguliwa saa hiyohiyo. Mama mkwe ameambiwa kimakosa kwamba mimi nimefungiwa chumba cha walinzi, amelia, amekataa chai.

"Nenda ukamwone anavyofunguliwa," mke wangu akasema, akanipakatisha mtoto. "Mimi naenda kwa Bibi Katibu kuomba. Ukimwona mtu wa sare, pitia dirishani."

Nikaingia wodini kwa kunyata. Muuguzi alikuwa ameshaanza kuikunjua bandeji. Aliponiona akaweka kidole mdomoni: kimya, mgonjwa asishtuliwe. Nikasimama miguuni pa kitanda na mtoto kifuani. Mkono wangu wa kushoto, ambao mafuta ya taa yalishindwa kuutoa rangi, nilikuwa nimeuficha chini ya nguo ya mtoto.

Bandeji ikatoka. Mama mkwe akapepesa. Akautazama mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma. Akalitazama dirisha. Halafu mtoto akatoa kisauti, mama mkwe akageuka akakifuata, na jicho lake likatua juu yake.

Alimtazama muda mrefu sana.

"Kumbe una masikio ya babu yako," akasema, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Na mnaniambia kila siku mzuri, mzuri, hakuna aliyenitajia masikio."

Na mimi nililia. Nililia bila sauti kwa sababu ya muuguzi, nikajiambia kwamba hata wakinitupa ng'ambo ya mpaka leo, sitajuta.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mtu wa sare, kofia kwapani, karatasi mkononi. Dirisha la wodi lile lilikuwa na nondo.

"Natafuta mchora mabango mmoja, mgeni," akasema. "Anaitwa Shoto. Nimeambiwa mama mkwe wake ndiye wa kitanda hiki."

"Mama mkwe ndiye huyu," akasema muuguzi.

Ofisa akaniangalia, akamwangalia mama mkwe. "Mama, pole na ugonjwa. Huyu hapa ndiye mkwe wako?"

Sasa jueni kwamba mama huyu nilipokwenda kwao kuposa alikuwa tayari haoni. Alinikubali kwa kunisikiliza. Hajawahi kuiona sura yangu hata siku moja.

Akanitazama kuanzia kandambili mpaka utosini, akashuka tena mpaka kandambili.

"Huyu simjui," akasema.

"Una hakika, mama?"

"Mkwe wangu, binti yangu aliniambia, ni mrefu, ana mabega mapana, ukimwona unaona mtu. Na yeye amefungiwa huko kwa walinzi. Huyu mfupi ni nani?" Sauti ikaanza kumpanda. "Na kwa nini amembeba mjukuu wangu?"

Nilimkazia macho. Nilitafuta usoni pake hata dalili ndogo kwamba ananisitiri, kwamba yale mafunzo yetu ya wiki nzima ameyatumia kwa ajili yangu. Sikuona kitu. Ama mama mkwe wangu amekuwa mwongo hodari kuliko wote niliowahi kukutana nao, au kweli hanijui.

Muuguzi akanisogelea, mikono mbele, kuchukua mtoto. Ofisa akaziba mlango.

"Bwana," akaniambia, "kama wewe si mchora mabango, huyo mtoto umempata wapi? Na kama ndiwe, sema. Nataka kukusikia kwa mdomo wako."

Mama mkwe akalifumba lile jicho lake jipya, akainamisha kichwa, akanigeuzia sikio.